Kamusi Ndani ya Makro: Kuunda na Kuhifadhi Vigeu Visivyojulikana Idadi

Kila mwalimu aliyesahihisha insha za Kiswahili hapa Kigali anayajua makosa yanayojirudia. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kinyarwanda aghalabu huchanganya /r/ na /l/, akaandika 'tulikura chakula' na kumwacha msomaji akijiuliza kama kulikuwa na uchaguzi. Mwingine, aliyezoea Kiswahili cha mitaani, huandika 'kitabu yangu'. Tukiyaandika makosa hayo katika lahajedwali la Excel, kosa moja mstari mmoja, swali linalofuata ni la hesabu: kila aina imetokea mara ngapi? Jibu lake lina uzito, maana ndilo linaloamua kama saa chache za muhula tulizobakiwa nazo zitatumika kwenye matamshi au kwenye upatanisho wa kisarufi.

Excel ina zana yake ya kufupisha majedwali, nayo yamtosha anayetaka hesabu ya mara moja. Sisi tunapendekeza makro kwa sababu kazi hii hurudiwa kila wiki, na hesabu za wiki zilizopita hazina budi kuungana na za leo. Makro za Excel huandikwa kwa lugha iitwayo VBA, iliyoingizwa katika programu hiyo mwaka 1993, na mwalimu wa lugha asiiogope: ina sarufi, na sarufi yake ni nyepesi kuliko ngeli zetu.

Hapo ndipo wengi hukwama. Kigeu, au kibadilika kama wengine wanavyosema, ni jina tulilolipa thamani inayoweza kubadilika. Anayeanza huandika kigeu kimoja kwa kila aina ya kosa: kosaR, kosaNgeli, kosaTahajia. Wiki ya tatu mwanafunzi anazua kosa jipya kabisa, nayo makro haina mahali pa kuliweka. Basi mwandishi hutamani kuiambia kompyuta iunde vigeu yenyewe, kosa1, kosa2, kosa3, kadiri aina zinavyojitokeza. VBA haiwezi kufanya hivyo. Majina ya vigeu huandikwa na mtungaji kabla makro haijaanza kwenda. Makro ikishaanza, haiwezi kujibunia jina la kigeu kipya kutokana na neno ililolikuta ndani ya seli.

Suluhisho tunalo tangu zamani katika taaluma yetu. Waandaaji wa kamusi hawakujua mapema watapata maneno mangapi. Hawakutengeneza kabati jipya kwa kila neno. Walikuwa na kabati moja la kadi, na kila neno jipya likapata kadi yake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, na toleo la pili likafuata mwaka 2004 likiwa na maneno ya ziada, lakini mpangilio wa msingi ni uleule: kidahizo, kisha maelezo yake. VBA nayo inatumia kifaa ambacho jina lake lenyewe ni kamusi. Tunatangaza kigeu kimoja tu, na ndani yake tunaweka vidahizo vingi tutakavyo, kila kimoja na thamani yake.

Tuchukue faili lenye laha mbili. Laha ya 'Insha' ina namba ya insha katika safu A na aina ya kosa katika safu B. Safu C iachwe wazi. Laha ya 'Hazina' ina vichwa tu katika mstari wa kwanza. Makro ni hii:

Option Explicit

Sub HesabuMakosa()
    Dim makosa As Object, insha As Worksheet, hazina As Worksheet
    Dim m As Long, aina As String, kidahizo As Variant
    Set insha = ThisWorkbook.Worksheets("Insha")
    Set hazina = ThisWorkbook.Worksheets("Hazina")
    Set makosa = CreateObject("Scripting.Dictionary")
    makosa.CompareMode = 1

    For m = 2 To hazina.Cells(hazina.Rows.Count, 1).End(xlUp).Row
        makosa(CStr(hazina.Cells(m, 1).Value)) = hazina.Cells(m, 2).Value
    Next m

    For m = 2 To insha.Cells(insha.Rows.Count, 2).End(xlUp).Row
        aina = Trim(insha.Cells(m, 2).Value)
        If aina <> "" And insha.Cells(m, 3).Value = "" Then
            makosa(aina) = makosa(aina) + 1
            insha.Cells(m, 3).Value = "tayari"
        End If
    Next m

    m = 2
    For Each kidahizo In makosa.Keys
        hazina.Cells(m, 1).Value = kidahizo
        hazina.Cells(m, 2).Value = makosa(kidahizo)
        m = m + 1
    Next kidahizo
    ThisWorkbook.Save
End Sub

Kitanzi cha kwanza hurudisha kwenye kamusi hesabu zilizohifadhiwa. Cha pili husoma makosa mapya na kuyatia alama 'tayari', ili yasihesabiwe tena wiki ijayo. Cha tatu huandika kila kitu katika Hazina. Moyo wa kazi yote ni ule mstari wa makosa(aina) + 1. Kidahizo kikiwapo, hesabu yake huongezeka. Kisipokuwapo, kamusi hukiunda papo hapo kikiwa kitupu, nacho kitupu kikijumlishwa na 1 huwa 1. Hakuna aliyelazimika kuijua orodha ya makosa mapema.

Ukarimu huohuo wa kamusi una hatari yake, na hapa tunamwomba msomaji asipite haraka. Kamusi hii huunda kidahizo hata pale tunapouliza tu. Tuseme tumetumia mbinu hii kutunza alama za mtihani, kidahizo kikiwa namba ya mwanafunzi. Tukiuliza alama za 'M17' ilhali mwanafunzi huyo ameandikwa 'M017', hatupati onyo lolote. Tunapata utupu, nao katika hesabu ni sifuri, na kuanzia hapo 'M17' amekwisha kuwa mwanafunzi kamili ndani ya kamusi. Wastani wa darasa unashuka, na mwanafunzi aliyefanya mtihani wake vizuri anaweza kuandikiwa sifuri. Kwa hiyo katika kusoma alama tuulize kwanza kwa amri ya Exists kama kidahizo kipo. Katika kuhesabu, kama ilivyo katika makro yetu, hakuna haja.

Mistari miwili zaidi inahitaji maelezo. CompareMode = 1 huifanya kamusi isitofautishe herufi kubwa na ndogo; bila hiyo 'Ngeli' na 'ngeli' ni makosa mawili tofauti. Lazima iandikwe kabla ya kuingiza kidahizo cha kwanza. Nayo Option Explicit iliyo juu kabisa hutulazimisha kutangaza kila kigeu. Ikikosekana, tukikosea herufi moja katika jina la kigeu, VBA hutuundia kigeu kingine kitupu kimyakimya, nasi hatupendi mambo ya kimyakimya panapohusika alama za watu.

Kuna jambo jingine linalotuhusu hasa sisi tunaofanyia kazi kwenye kompyuta za mipangilio tofauti, baadhi ya Kifaransa na baadhi ya Kiingereza. Mmoja huandika 12,5 na mwingine 12.5. Seli ikihifadhi alama kama maandishi '12,5', amri ya Val huishia kwenye koma na kutoa 12. Amri ya CDbl hufuata mpangilio wa kompyuta: kwenye ule wa Kifaransa hutoa kumi na mbili na nusu, na kwenye ule wa Kiingereza cha Marekani huiona koma kuwa kitenganishi cha maelfu na kutoa 125! Ni salama kuhakikisha kwamba seli zina namba halisi kabla hazijaingia katika kamusi.

Sasa kuhusu kuhifadhi. Kamusi huishi katika kumbukumbu ya kompyuta wakati makro inakwenda; ikifika End Sub, yote yaliyomo hupotea. Ndiyo maana tuna laha ya Hazina, ambayo ukipenda unaweza kuificha. Kwa thamani moja au mbili, kama vile jumla ya insha, inatosha kuipa thamani jina ndani ya faili lenyewe:

ThisWorkbook.Names.Add Name:="JumlaInsha", RefersTo:="=64"

Ipo pia amri ya SaveSetting, lakini hiyo huhifadhi katika Windows ya kompyuta husika, si katika faili. Mwalimu akifanyia kazi kwenye maabara kisha akachukua faili kwenye flashi kwenda nayo nyumbani, thamani hizo hubaki maabara. Kwa walimu wanaohama kutoka kompyuta moja hadi nyingine, hatuipendekezi.

Faili lihifadhiwe kwa aina ya .xlsm. Tangu Excel ya 2007, faili la .xlsx halibebi makro, na anayelihifadhi hivyo hubaki na majedwali tu. Tena, tangu mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro katika mafaili yanayotoka kwenye intaneti, yakiwamo yaliyotumwa kwa barua pepe. Mpokeaji hana budi kufungua sifa za faili katika Windows na kuondoa kizuizi, ikiwa anamjua aliyelituma. Wenye kompyuta za Mac wajue kwamba kamusi ya Scripting haimo humo. Watumie kifaa cha Collection, ambacho nacho huhifadhi vitu kwa ufunguo, ingawa hakikubali kubadilishiwa thamani iliyokwisha kuingizwa: hesabu ikiongezeka, inabidi kuondoa ya zamani kwanza, ndipo uweke mpya.