Kidogo Ni Kiasi Gani?

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaoyasoma mazungumzo haya gazetini, leo nataka tuzungumze juu ya neno moja tu. Neno lenyewe ni "kidogo".

Nyumbani kwetu ni Hirbadaw, mkoani Manyara, upande ule wa Mbulu na Hanang. Ni nchi ya wafugaji wa Kidatoga na wakulima wa Kiiraqw. Mwaka jana nilikwenda huko kuwasalimu wazee, nikamkuta mpwa wangu anakohoa kwa juma la tatu. Nikamsindikiza zahanati. Mganga alimsikiliza kifua, akaagiza makohozi yapimwe, kisha akamwuliza yale maswali mawili ambayo kila mgonjwa huulizwa.

"Unakunywa pombe?"

"Kidogo."

"Na sigara?"

"Mara moja moja."

Mganga akaandika, akamwita mgonjwa mwingine. Simlaumu. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na majibu aliyopewa ndiyo majibu tunayoyatoa sote. Lakini tulipokuwa tunarudi nyumbani kijana alianza kucheka peke yake. Nikamwuliza kinachomchekesha.

"Mjomba," akasema, "daktari nimemdanganya, lakini sikusema uongo."

Basi nikamwuliza mimi mwenyewe: ulianza lini? Naye akanirudishia swali: "Kuanza kupi?" Akanieleza. Akiwa na miaka 11 alikuwa akitumwa kuwachotea wazee pombe, na njiani alikuwa akionja mdomoni mwa kibuyu. Akiwa na miaka 13 alikuwa akimwashia babu sigara jikoni, na sigara haiwaki bila kuvutwa. Akiwa na miaka 14 aliacha shule, akaenda kuchunga. Akiwa na miaka 17 alipata kibarua cha mashambani upande wa Basotu, akawa na fedha yake mwenyewe, na jioni akawa anakwenda kilabuni na wenzake. Akiwa na miaka 20 alikuwa Arusha mjini, na sigara ya asubuhi ikawa inatangulia chai. Sasa ana miaka 29.

Hebu fikirini karatasi ya mtafiti yenye kisanduku kimoja kilichoandikwa "umri wa kuanza". Tuandike 11, 17 au 20? Yote matatu ni kweli, na kati ya la kwanza na la mwisho ipo miaka tisa. Na miaka hiyo tisa ndiyo yenye habari yenyewe, maana ndani yake mtoto aliyeonja aligeuka kuwa mtu mzima asiyeweza kuacha.

Zamani swali hili lisingekuwa gumu hivyo. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 2002 juu ya historia ya pombe Afrika Mashariki, ameeleza jinsi pombe ilivyokuwa mali ya wazee wa kiume katika jamii nyingi za huku, na kunywa ilikuwa alama ya ukubwa. Kijana alichota, akabeba, akamimina. Hakuketi na wanywaji. Sisemi kwamba hakuna aliyeonja. Nasema kwamba palikuwa na mstari, na kila mtu aliuona. Kibarua na fedha vilipoingia, mstari huo ukafutika. Mwenye kuuza pombe haulizi umri wa rika lako, anauliza fedha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwuzia sigara au pombe mtu aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haikai kilabuni kila jioni.

Kwa hiyo, tukitaka kujua vijana wetu wanaelekea wapi, hatuna budi kupima. Na kupima tabia si kama kupima gunia la mahindi. Yapo mambo manne yanayoharibu kipimo.

La kwanza ni hilo neno "kidogo". Wataalamu hupima pombe kwa uzito wa alkoholi halisi iliyomo, na Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 10 kuwa kinywaji kimoja. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi, maana yake ni vinywaji viwili. Lita moja ya pombe ya kienyeji yenye nguvu hiyo hiyo ni vinywaji vinne. Ule mfuko wa kiroba wa mililita 100, wenye nguvu ya asilimia 40, ulikuwa na gramu 32, yaani vinywaji vitatu na zaidi ndani ya kitu kinachoingia mfuko wa shati.

Nilipombana mpwa wangu, "kidogo" yake ilikuwa lita mbili kwa jioni ya kawaida, na siku ya mnada ni zaidi. Lita mbili ni vinywaji vinane. Yapo maswali kumi ya Shirika la Afya Duniani yaliyochapishwa mwaka 1993 baada ya kujaribiwa katika nchi sita, mojawapo ikiwa jirani zetu Kenya. Hayo ndiyo hutumika kutambua unywaji wenye madhara. Swali la tatu linauliza ni mara ngapi mtu hufikisha vinywaji sita kwa mkao mmoja. Kijana wetu huvipita kila anapokaa, na daftari la zahanati linasema anakunywa kidogo.

Mtaniambia kibuyu hakina alama za vipimo, tena kinazungushwa. Ni kweli. Ndiyo maana anayeuliza lazima aijue desturi ya mahali. Anauliza mlikuwa wangapi, dumu lilikuwa la lita ngapi, lilikwisha au lilibaki. Dumu la lita kumi kwa watu watano ni lita mbili kila mmoja, hata kama hakuna aliyeshika glasi. Na anauliza pombe ilikuwa ya siku ya ngapi, kwa sababu pombe inayoendelea kuchacha haina nguvu ile ile leo na kesho.

Tumbaku nayo ina mitego yake. Sigara za kununua moja moja dukani zinahesabika. Msokoto wa tumbaku uliofungwa kwa karatasi, pengine karatasi ya gazeti kama hili, hauna kipimo. Na mzee anayenusa ugoro ukimwuliza kama anavuta atakujibu "sivuti", naye hatakuwa amesema uongo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulifanya vyema kuuliza juu ya tumbaku ya kuvutwa na isiyovutwa pia. Ulikuta kwamba asilimia 8.7 ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi wanatumia tumbaku: wanaume asilimia 14.6, wanawake asilimia 3.2.

La pili ni kumbukumbu. Mwulize mtu wa miaka 40 alianza kunywa lini, atakupa umri fulani, lakini ni umri anaoukumbuka. Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walionyesha kwamba katika watu walioanza kunywa kabla ya miaka 15, asilimia 40 hivi walikuja kuwa watumwa wa pombe wakati fulani maishani, lakini kwa walioanza wakiwa na miaka 20 na zaidi ilikuwa asilimia 10 hivi. Tofauti hiyo inatisha, nasi tusiipuuze. Hata hivyo takwimu hizo zilitokana na watu wazima walioulizwa juu ya ujana wao, na mlevi anaweza kuukumbuka mwanzo wake tofauti na mwenzake asiye mlevi.

Dawa ya jambo hili ni moja: kumwuliza mtu yule yule, kwa maneno yale yale, akiwa na miaka 13, kisha 15, 18, 22, na kuendelea. Usimwulize tu kama amewahi. Mwulize juu ya siku 30 zilizopita: ni siku ngapi, na kila siku kiasi gani. Na kama umekwisha kuchelewa, basi mshikize na matukio. Ilikuwa kabla au baada ya viroba kupigwa marufuku, Machi 2017? Kabla au baada ya maporomoko ya Hanang, Desemba 2023? Mtu huweza kusahau mwaka, lakini hasahau mlima uliposhuka.

Hapo kwenye viroba pana onyo jingine. Anayeuliza juu ya viroba mwaka 2016, akarudi na swali lile lile mwaka 2018, atashangilia bure. Kilichokatazwa ni mfuko, si pombe iliyokuwamo.

La tatu, na kwangu mimi ndilo kubwa, ni nani anayehesabiwa. Uchunguzi wa kimataifa wa tumbaku kwa vijana, ambao umefanyika hapa kwetu pia, huwauliza wanafunzi wa miaka 13 hadi 15 madarasani. Ni kazi nzuri na rahisi, kwa kuwa watoto wamekwisha kukaa kwenye madawati. Lakini mpwa wangu hakuwa dawatini. Tangu miaka 14 alikuwa nyuma ya ng'ombe. Shule ikihesabu waliobaki, itapata jibu la waliobaki.

Watafiti walioshirikiana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu waliliona hilo. Mwaka 2015 walichapisha taarifa ya vijana 1,954 wa Mwanza na Kilimanjaro, wenye miaka 15 hadi 24. Hawakuishia kwa wanafunzi wa sekondari. Waliwatafuta wanavyuo, wafanyakazi wa viwandani na vibarua. Walioongoza kwa kunywa ni wanavyuo, wavulana asilimia 45 na wasichana asilimia 26, na nyuma yao wakaja vibarua. Angalieni hilo: kijana wa chuo na kijana wa kibarua, ambao hatuwaweki kapu moja, wanafuatana. Wote wawili wametoka nyumbani, na mkononi wana fedha kidogo isiyosimamiwa na mzazi.

Na hao waliotoka wanaweza kufuatwa. Mkoani Kagera, kati ya 1991 na 1994, zilihojiwa kaya zaidi ya 900 kuhusu maisha yao. Mwaka 2004, na tena mwaka 2010, watafiti walirudi kuwatafuta watu wale wale. Waliohama walifuatwa walikohamia, hata nje ya mkoa na kuvuka mpaka, na zaidi ya kaya 9 katika kila 10 zilipatikana. Ikaonekana kwamba waliohama mkoa walikuwa wameendelea kimaisha kuliko waliobaki. Wangehesabu waliobaki peke yao wangeandika historia ya nusu. Kilichowezekana kwa kupima umaskini kinawezekana kwa kupima sigara na pombe.

La nne ni aibu. Mtu anayehojiwa mbele ya mama yake hakunywi. Kule Mbarara, Uganda, wagonjwa waliokuwa wanaanza dawa za UKIMWI waliulizwa juu ya pombe, kisha damu yao ikapimwa kwa kipimo kinachoonyesha unywaji wa majuma machache yaliyopita. Wako waliokana kwa mdomo, lakini damu haikukana. Kwa tumbaku mate yanatosha, ingawa yanaonyesha siku chache tu. Lakini mashine si kila kitu. Faragha, na mwulizaji asiyekemea, huleta ukweli mwingi kwa gharama ndogo.

Mtasema, yote haya ya nini? Tunajua kwamba sigara ni mbaya. Subirini niwaambie tulivyomaliza safari yetu.

Karibu na nyumbani kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: "Mjomba, nimechelewa?"

Swali hilo huwezi kulijibu kwa mahubiri. Linajibiwa kwa vipimo. Mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia madaktari wa Uingereza na kuwauliza juu ya uvutaji wao. Wakawauliza tena, na tena, kwa miongo. Taarifa ya miaka 50 ilitoka mwaka 2004: wanaume waliovuta bila kuacha walipoteza miaka 10 hivi ya maisha. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alirudishiwa mitatu. Miaka 50, sita. Miaka 40, tisa. Na aliyeacha akiwa na miaka 30 alirudishiwa karibu yote kumi. Hayo yasingejulikana kwa kuuliza mara moja. Yalijulikana kwa sababu kuna watu waliotunza daftari moja kwa nusu karne.

Nikamwambia, "Una miaka 29. Una mwaka mmoja."

Makohozi yalitoka safi. Kikohozi kilikuwa cha moshi. Juma lililopita alinipigia simu, nikamwuliza anaendeleaje. Safari hii hakusema kidogo. Alisema: "Sigara, leo ni siku ya 41. Pombe, lita tatu kwa juma zima."

Lita tatu bado si haba, nami nilimwambia hivyo. Lakini sasa tunazungumza kwa namba, na kinachohesabika kinaweza kupunguzwa. Nanyi ndugu zangu wa mjini, mtakapoulizwa na mganga juma hili, msimpe neno. Mpeni hesabu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.