Ulimlisha Kalsiamu, na Bado Akaanguka

"Daktari, ameangukaje na mimi nimempa kalsiamu tangu siku nilipomkausha?"

Nimelisikia swali hili hadi limenichosha. Huja kwa simu kabla hakujapambazuka, kutoka Githongo na vilima vinavyopanda kuelekea msitu wa Mlima Kenya, na anayeuliza huwa amesimama kando ya ng'ombe aliyezaa jana. Ni mzao wa tatu au wa nne, kiwele kimejaa, shingo ameipinda hadi ubavuni, masikio ni baridi na miguu imekataa. Mwenye ng'ombe si mzembe. Mzembe hanipigii kwa ugonjwa huu, kwa kuwa ng'ombe wake hutoa lita nne, na ng'ombe wa lita nne ni nadra kuanguka. Anayepiga ni yule aliyenunua mfuko wa madini, akachanganya kila jioni kwa miezi miwili, kisha akaongeza kaliandra kwa hisani yake. Jibu langu huwa haliaminiki: huenda kalsiamu hiyo ndiyo iliyomwangusha.

Wafugaji wengi wanaamini kwamba mwili ni Sacco. Weka mapema, kidogo kidogo, utakopa siku ya shida. Umetaboli hauendi hivyo, na hesabu yenyewe ni fupi. Kalsiamu inayozunguka katika damu ya ng'ombe mkubwa wakati wowote ni takriban gramu 3 tu. Lita moja ya dang'a hubeba kama gramu 2. Akitoa lita 10 siku ya kwanza, gramu 20 zimeondoka, yaani damu imelazimika kujazwa upya zaidi ya mara sita kwa siku moja. Na mifupa yake? Ina kilo kadhaa za kalsiamu hiyo hiyo. Huyu aliyelala hapo, anayekufa kwa kukosa kalsiamu, anakufa akiwa nayo kwa kilo. Hajawahi kukosa akiba. Kilichomshinda ni kuitoa.

Kuitoa ni kazi ya tezi nne ndogo zilizo shingoni. Zikihisi kalsiamu inashuka, hutoa homoni, na homoni hiyo ina mambo matatu ya kuagiza. Figo zisiiachie kalsiamu iende na mkojo. Vitamini D igeuzwe kuwa ile inayofanya kazi, ili utumbo unyonye zaidi. Na seli za mfupa zianze kuumega mfupa. Agizo la kwanza hutekelezwa haraka lakini halileti kikubwa. La utumbo huchukua kama siku nzima, la mfupa karibu siku mbili. Maziwa hayasubiri siku mbili.

Sasa mfikirie ng'ombe aliyelishwa kalsiamu tele miezi yote miwili ya ukavu. Damu yake haikupungukiwa hata siku moja, kwa hiyo tezi zilikaa kimya, utumbo ukaacha kalsiamu ipite hadi kwenye mavi, na mfupa haukuguswa. Usiku wa kuzaa agizo linatoka na hakuna aliye tayari kulitekeleza. Mwenzake wa jirani, aliyekula mabua na nyasi kavu, alikuwa ameshaanza kuumega mfupa kabla ndama hajatoka. Huyo atasimama. Boda na Cole walilionyesha jambo hili huko California mwaka 1954: ng'ombe waliopewa kalsiamu kidogo kabla ya kuzaa ndio waliokingika. Imepita zaidi ya miaka 70, na bado tunauziwa mifuko kwa maneno ya kinyume.

Kuna la pili, na hili linaihusu milima yetu zaidi. Homoni hiyo husikika vibaya damu inapoelekea upande wa magadi kuliko upande wa asidi, na kinachoipeleka huko hasa ni potasiamu. Napia inayomwagiwa mavi ya zizini mwaka mzima imejaa potasiamu. Mgomba, tunaoukatakata wakati wa kiangazi, umejaa potasiamu. Magadi ya kulamba nayo husukuma upande huo huo kwa sodiamu yake. Kwa hiyo yuko ng'ombe ambaye hakupewa kalsiamu ya ziada hata chembe na bado akaanguka, kwa kuwa tezi ziliagiza na mwili haukusikia. Magnesiamu ikipungua, hali ni hiyo hiyo.

Kaliandra yenyewe sina ugomvi nayo. Majaribio yaliyofanywa Embu miaka ya 1990 yalionyesha kwamba inaweza kushika nafasi ya sehemu ya chakula cha dukani kwa ng'ombe anayekamuliwa, na nawahimiza watu waipande kwenye kingo za mashamba. Ila mimea ya jamii ya kunde ina kalsiamu nyingi kuliko nyasi. Chakula kinachomfaa anayekamuliwa kinaweza kumdhuru aliyebakiza wiki tatu azae.

Anayetilia shaka kwamba shida iko kwenye mwendo wa kalsiamu, si kwenye akiba, aisome historia. Mwaka 1897 daktari wa mifugo wa Denmark, Jürgen Schmidt, aliamini kwamba kuna sumu inayotengenezwa kiweleni, akapitisha dawa ya iodini kwenye chuchu. Ng'ombe wakainuka. Punde wengine wakagundua kwamba hata hewa tupu ikipulizwa kiweleni inatosha. Nadharia ilikuwa kosa, tiba ikafanya kazi: kiwele kilichojaa hewa hakiendelei kutengeneza maziwa, na kalsiamu hubaki kwenye damu. Hadi Dryerre na Greig wa Edinburgh walipoitaja kalsiamu mwaka 1925, ng'ombe wengi walikuwa wameokolewa bila mtu kujua kwa nini. (Msinichukulie pampu ya baiskeli sasa. Mtaingiza uchafu na kumpa ugonjwa wa kiwele.)

Na soda. Sijui nani alianza kuwanywesha ng'ombe walioanguka soda na chumvi, au mafuta ya kupikia, au uji. Misuli ya koo nayo inahitaji kalsiamu. Ng'ombe wa hali hii hawezi kumeza sawasawa, kwa hiyo chupa unayommiminia inakwenda mapafuni, na kesho kutwa naitwa kutibu nimonia ambayo mara nyingi haitibiki. Sindano ya antibiotiki pia ni fedha ya bure. Mpime joto: kwa kawaida yuko chini ya nyuzi 38. Hana homa wala kijidudu cha kuuawa. Kumpinda mkia hakumrudishii gramu hata moja.

Ya kufanya basi. Mweke alale kifudifudi, kifua chini, umkingie kwa magunia ya nyasi pande zote mbili. Akilala ubavu atavimba tumbo na kufa. Mtandikie nyasi nene, hasa kama zizi ni la saruji, na mgeuze kila baada ya saa chache, maana misuli ikikandamizwa muda mrefu hatainuka hata kalsiamu ikirudi. Piga simu mapema, kwani asipotibiwa anaweza kufa siku hiyo hiyo. Tiba ni chupa ya kalsiamu boroglukoneti, imepashwa joto la mwili, inaingia kwenye mshipa polepole huku moyo ukisikilizwa. Ikikimbizwa, moyo husimama, kwa hiyo kazi hii aifanye mwenye leseni, si kijana wa duka la dawa. Akiinuka, muachie ndama dang'a ya kumtosha, lakini usimkamue hadi tone la mwisho siku mbili za kwanza. Na usilale usingizi mzito: takriban mmoja kati ya wanne huanguka tena.

Kwa mzao ujao, chukua tarehe aliyopandishwa, ongeza siku 280, kisha rudi nyuma wiki tatu. Tangu siku hiyo ondoa kaliandra, lusani, mgomba, magadi na napia ya karibu na zizi. Mpe mabua ya mahindi, nyasi kavu, na unga kidogo wa ng'ombe usioongezwa kalsiamu. Mfuko wa madini ufunge uuweke juu. Siku akizaa, ufungue, umpe kila siku.