Istilahi ya "Kujithamini" na Upimaji Wake kwa Vijana

Neno lenye maana mbili halileti madhara makubwa katika mazungumzo ya kila siku. Likitumika kupimia, hesabu yote hupotoka. Ndivyo ilivyo kwa istilahi ya kujithamini.

Dhana hiyo ni tathmini ya jumla aifanyayo mtu juu ya thamani ya nafsi yake. Kipimo chake kijulikanacho zaidi kilitolewa mwaka 1965 na Morris Rosenberg, mwanasosholojia wa Marekani, aliyewachunguza wanafunzi wa sekondari wa jimbo la New York. Kina kauli 10: tano za kuithamini nafsi na tano za kuitweza. Kila kauli hujibiwa kwa daraja nne, tangu kukubali sana hadi kukataa sana. Alama za kauli za kutweza hugeuzwa, kisha zote hujumlishwa.

Ugumu wa kwanza uko katika maneno jirani. Kujiamini ni kuwa na hakika ya kuweza jambo. Kijana ashukaye katika duara la dhahabu huko Rwamgasa, mkoani Geita, aweza kujiamini kazini, na bado akajiona duni mbele ya wenzake waliobaki shuleni. Kujivuna nako ni kujikweza. Aliyelelewa katika unyenyekevu ataikataa kauli yenye neno hilo, hata kama anajithamini. Kwa hiyo maneno hayo yasibadilishane nafasi.

Ugumu wa pili ni ukanushi. Mtu akiulizwa, "Hujala?", aweza kujibu "Ndiyo", yaani hajala, mwingine atasema "Hapana" kwa maana ileile. Basi kauli kama "Sina jema nililotenda" huweza kupata jibu lisilowakilisha nia ya mjibuji. Utafiti wa mataifa 53 uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kauli za kutweza hazifasiriwi kwa namna moja kila mahali. Afadhali kusema, "Matendo yangu yote ni mabaya."

Ugumu wa tatu ni neno kijana. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 humhesabu kijana tangu miaka 15 hadi 35, ilhali Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Mpimaji hana budi kutaja umri kwa tarakimu.

Mambo haya si ya wanaisimu peke yao. Katika machimbo madogo ya Geita, zebaki hutumika kukamatia dhahabu, na mvuke wake hudhuru ubongo. Miongoni mwa dalili za sumu hiyo ni haya kupita kiasi, huzuni na kupoteza hali ya kujiamini. Kijana apataye alama ndogo huenda akahitaji daktari kabla ya mawaidha. Istilahi ikiwa legelege, ugonjwa utaitwa tabia, na unyenyekevu utaitwa unyonge. Usanifishaji wa maneno haya, basi, ni sehemu ya tiba.