Mvua ya Ayub Ogada

Nyatiti, ala ya Waluo, ina nyuzi nane, lakini mimi kilichonishika ni kidole gumba cha mguu. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, ala ameilaza mbele yake, na kidole hicho amekivisha pete nzito ya chuma. Mikono inapochezea nyuzi, pete inagonga upinde wa ala. Njuga zilizofungwa kifundoni zinaitikia. Kwa wakongwe wa Siaya pete ndiyo inayotawala: inagonga kwa nguvu, inasukuma sifa za marehemu na majigambo ya walio hai hadi kuche.

Ayub Ogada aliituliza pete hiyo. Sikiliza wimbo wake “Kothbiro” kwa makini: nyuzi zinatiririka polepole, pete imerudi nyuma, na sauti yake nyembamba ya juu inawaita watoto walete ng'ombe nyumbani kwa kuwa mvua inakuja. Hakuna anayepigiwa kelele.

Ndiyo maana filamu ya The Constant Gardener (2005), ambayo sehemu yake ilipigwa Kibera, hainipi raha kila ninapoitazama. Wimbo huo umo. Soweto East, ndani ya Kibera, hakuna ng'ombe wa kurudisha zizini. Mvua ikitanda huko, watu huwaza mabati yanayovuja, mitaro iliyoziba na Mto Ngong huko bondeni. Baadaye, mwaka 2009, serikali iliwahamishia baadhi ya wakazi kwenye maghorofa ya Lang'ata, wenyewe wakapaita Kanaani, na wengi bado wako chini ya mabati. Je, mtengenezaji filamu aliisikia mvua ile, au alisikia tu huzuni tamu ya Afrika?

Wimbo wenyewe ulikuwa mkongwe tayari. Ogada, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956 kwa jina la Job Seda, alikuwa kijana wa Black Savage, bendi ya Nairobi iliyochanganya roki ya magitaa na mapigo ya nyumbani. Waliurekodi katika miaka ya sabini, ukapita. Mwaka 1979 akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band, akaigiza kidogo katika filamu ya Out of Africa, kisha 1986 akaenda Uingereza na nyatiti yake. London alipiga muziki kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, wapita njia wakimtupia sarafu. Jukwaa la tamasha la WOMAD, 1988, ndilo lililomfungulia mlango wa Real World, kampuni ya Peter Gabriel, na mwaka 1993 ikatoka En Mana Kuoyo, albamu iliyomfikisha mbali kuliko bendi zote alizopitia. Jina lake jipya, Ayub Ogada, ndilo ambalo dunia ilimjua kwalo.

Nyumbani tulimpokea kwa kuchelewa, tena kupitia mlango wa wageni, na hilo silisemi kwa utani. Alirejea, akaishi Nyahera, Kisumu. Mwaka 2018 Kanye West akachomoa kipande cha “Kothbiro” ya Black Savage na kukitia katika wimbo wake “Yikes”. Majina ya watunzi wa “Kothbiro”, James Mbarack Achieng na Ogada, yakaingia kwenye orodha ya watunzi wa “Yikes”. Miezi minane baadaye, Februari 1, 2019, Ogada akafariki.

Redio zetu zilikuwa na “Kothbiro” tangu enzi za sahani za santuri. Nani aliuweka kabatini, na kwa nini?