Kiti ni sawa jembe: pima mwili wako mbele ya kununua



Kuna swali ambalo linarudi kila mara kati yetu: "Mugongo inaniuma ku biro, ninunue kiti gani?" Majibu karibu yote ni picha za fotei: ile nyeusi ya ngozi, yenye mgongo mrefu, sawa vile ya direkta. Mimi si daktari. Nilisoma agronomi, na sawa wengi wetu wa agronomi nimefikia mbele ya kompyuta, nikijaza ripoti za mashamba ambayo nayaona mara chache kwa mwaka. Lakini mtu wa agronomi anajua kitu kimoja juu ya vyombo vya kazi, na nataka kukieleza hapa mbele hujatoa dola zako.

Kwa miaka mingi wafanyakazi wa mashamba ya California, wengi wao wenye asili ya Meksiko, walilimishwa na jembe la mpini mfupi, karibu sentimita 60 ao chini yake. Mtu anainama toka asubuhi mpaka jioni. Wenye mashamba walisema jembe lile linapalilia vizuri zaidi, na tena msimamizi anaona kwa mbali nani ameinuka kupumzika. Migongo ikaharibika, watu wakiwa bado vijana. Kesi ikafika mpaka mahakama kuu ya jimbo, madaktari wakatoa ushahidi, na katika 1975 jembe lile likakatazwa. Watu wakaendelea kupalilia kwa mpini mrefu, na mavuno hayakufa.

Kiti cha biro ni vile vile. Neno "ergonomiki" lililoandikwa ku karatasi ya muuzaji halikuambii kitu kama sentimita zake haziendane na zako. Kwa hiyo mbele ya kuuliza bei, tafuta metre ya fundi cherehani na mtu wa kukusaidia.

Kipimo cha kwanza ni urefu wa kukalia. Vaa viatu unavyovaa kazini, ikaa, magoti yakunjwe, kisha pima toka chini mpaka nyuma ya goti. Tuseme umepata 41. Kiti chako kinapaswa kuwa na 41 ao chini kidogo, wakati umekikalia na sponji imebonyea. Viti vingi ambavyo vinatoka inje vilifikiriwa kwa watu warefu. Hata ukivishusha mpaka mwisho, dada mwenye metre 1 na 55 miguu yake inabaki inaelea. Miguu ikielea, uzito wote unakamata chini ya mapaja, mtu anateleza mbele, mgongo unaacha kuegemea. Hapo kiti cha bei kali kinakuwa sawa na kibao cha kanisani. Dawa yake si kununua kingine: tafuta kibao cha kuwekea miguu. Goma hatukosi mawe ya volkano, na fundi anaweza kukuchongea moja likawa tambarare.

Kipimo cha pili ni kina. Ukiegemea vizuri, kati ya ncha ya kiti na nyuma ya goti lazima vidole viwili ao vitatu vipite. Hapa ndipo fotei ya direkta inaangukia. Ni ndefu sana kwa ndani. Mtu wa kawaida hafiki ku mgongo wa kiti bila kukunjika kiuno. Inapendeza kwa picha na kwa kupokea wageni. Kwa kufanya kazi saa nane, mimi siitaki hata ya bure.

Kisha angalia pale kwa mkanda wa suruali. Kiti kizuri kina kivimbe kidogo pale, kinachojaza lile bonde la mgongo. Kama hakina, kunja kitenge ao taulo ndogo, funga kwa kamba ku kiti. Mgongo wa kiti usisimame sawa ukuta. Ulale nyuma kidogo. Katika miaka ya 1960 daktari wa Sweden, Alf Nachemson, alipima kwa sindano mgandamizo ndani ya diski za uti wa mgongo za watu walio hai, akaona kuikaa wima bila kuegemea kunazigandamiza kuliko kusimama. Vipimo vingine vya Ujerumani katika 1999 vilionyesha kwamba tofauti ile si kubwa vile, lakini kuegemea nyuma kulibaki kunapunguza mzigo. Basi wale waliotufundisha kuikaa sawa askari hawakuwa wanatusaidia sana.

Kama unanunua okazioni, usinunue kwa macho. Kikalie dakika kumi nzima, uongee na muuzaji juu ya mambo mengine. Kikishuka polepole chenyewe, bomba lake la gesi limekwisha. Bonyeza sponji na ngumi. Ukisikia ubao, acha. Geuza, hesabu miguu: itano, si ine. Na fikiria sakafu yako. Simenti yetu mbaya inakula magurudumu madogo ya plastiki mbio sana. Kama biro yako haina kigae, bora kiti bila magurudumu.

Mimi binafsi naamini fundi mbao wa kwetu anaweza kukutolea kiti kizuri kuliko nusu ya zile fotei, lakini mpelekee namba, usimpelekee picha: urefu, kina, kimo cha mkanda toka ku kiti, kimo cha kiwiko. Uliza mti gani. Libuyu iliyokauka ni nzuri. Mikaratusi mibichi itajipinda na kupasuka ikikauka, na kiti kitaanza kulia kila unapogeuka.

Kiwiko nimekitaja juu ya meza. Meza nyingi za biro ziko na sentimita 75 hivi, na kwa mtu mfupi ni juu sana: mabega yanapanda, shingo inakaza, na yeye analaumu kiti. Pandisha kiti, weka kibao chini ya miguu. Kompyuta ya kubeba nayo, iweke juu ya vitabu mpaka juu ya skrini ikaribie macho, na utumie klavye ya pembeni.

Lakini hata kiti chenye vipimo vyote hakitoshi kama unakikalia toka saa mbili mpaka saa kumi bila kuinuka. Kila nusu saa simama, pokea simu ukitembea. Umeme ukikatika, wengi wanaendelea kuinamia betri mpaka iishe. Hiyo ndiyo saa ya kutoka.

Juu ya nani alipe: sheria ya kazi ya nchi yetu, nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri ahakikishe kazi inafanyika katika hali inayolinda afya na usalama. Mwenye kontra ya miezi mitatu anaogopa kuomba kiti, naelewa. Ombeni wawili ao watatu pamoja, kwa barua, mkiandika vipimo.

Na kuna maumivu ambayo hayahusu kiti hata kidogo. Maumivu yakishuka ku mguu na mguu unakosa nguvu, ukiwa na homa, ukikonda bila sababu, ao yakianza kisha kuanguka ku moto, nenda hospitali wiki hii hii. Mkojo ukikataa ao ukitoka wenyewe, ao pale kati ya mapaja pakifa ganzi, ni leo, hata usiku. Heal Africa ilianzishwa na mpasuaji wa mifupa, na wanajua mambo haya.