Mtoto wa paka akiharisha, usimpe maziwa

Mengi tunayomfanyia mtoto wa paka kwa huruma ndiyo yanayomharibu tumbo. Ameokotwa mtaroni, ana wiki tano, analia. Anawekewa kisahani cha maziwa ya ng'ombe, anayalamba yote, na kesho yake anaharisha maji matupu. Kimeng'enya kinachovunja laktosi, ile sukari ya maziwa, humpungua paka kadiri anavyoacha kunyonya. Sukari isiyovunjwa huvuta maji utumboni, na bakteria huichachusha.

Hapo ndipo mfugaji husikia habari za probiotiki, unga au krimu yenye bakteria hai wa kusaidia utumbo. Wazo lenyewe ni la zamani. Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur jijini Paris, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, aliamini kwamba bakteria wa maziwa yaliyoganda hurefusha maisha ya binadamu. Mwaka 2001 wataalamu wa FAO na WHO waliweka masharti mawili: vijidudu viwe hai, na vitolewe kwa kiasi cha kutosha kumfaa anayevipokea. Kwa hiyo pakiti iliyokaa juani dirishani mwa duka huenda haina tena kilichoandikwa juu yake.

Je, probiotiki zinasaidia? Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2011 ulifanyika katika kituo cha kutunza wanyama huko Colorado, Marekani. Paka walipewa bakteria aitwaye Enterococcus faecium SF68 kwa wiki nne. Walioharisha siku mbili au zaidi walikuwa asilimia 7.4, na wenzao waliopewa unga usio na bakteria walikuwa asilimia 20.7. Hiyo ni tofauti ya kuheshimu. Mbwa waliofanyiwa jaribio hilohilo hawakuonyesha nafuu ya namna hiyo, na hapo tunajifunza kwamba kilichomfaa mnyama mmoja hakiwafai wote. Mtindi wa dukani, basi, si mbadala: haukutengenezwa kwa ajili ya paka, na bado una laktosi.

Lakini probiotiki haiui minyoo. Mtoto wa paka huambukizwa minyoo mviringo kupitia maziwa ya mama yake, ndiyo maana madaktari wa mifugo hushauri dawa ya minyoo tangu wiki ya tatu, kisha kila baada ya wiki mbili mpaka wiki mbili baada ya kuacha kunyonya. Probiotiki haiui kimelea cha giardia pia. Haizuii virusi vya panleukopenia, ambavyo huua watoto wa paka haraka na ambavyo kinga yake ni chanjo. Kinachonihuzunisha zaidi ni kuona mtu akivunja kidonge cha binadamu cha antibiotiki ya metronidazole kwa kukisia. Dawa hiyo huua pia bakteria wazuri, na kipimo cha kukisia ni hatari kwa kiumbe chenye uzito wa nusu kilo.

Mtoto mdogo hukaukiwa maji upesi mno. Mtie joto kwanza, maana tumbo la mnyama aliyepoa halisagi chakula. Mguse ufizi: ukinata badala ya kuteleza, au akilegea, akitapika, akitoa damu, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, na ubebe kinyesi chake kwenye kichupa safi ili kipimwe. Kama bado mchangamfu na anakula, mwachie maji safi na chakula laini cha watoto wa paka, kidogo kidogo mara nyingi. Probiotiki ya paka iongezwe hapo, kama msaidizi. Akiwa kwenye antibiotiki, muulize daktari saa za kuitenganisha na probiotiki.

Bakteria wa kwanza wa utumbo wake huwapata kwa mama, anapozaliwa, anaponyonya na anaporambwa. Kwa hiyo paka wako akizaa, usigawe watoto kabla ya wiki ya nane, hata majirani wakikubembeleza.