Nakala ya Kumbukumbu za Wagonjwa: Je, Inafunguka?

Tumezoea kuhesabu hatari za hospitali kuwa ni ukosefu wa dawa, maji machafu na uchache wa wauguzi. Siku hizi imeongezeka nyingine. Hospitali na vituo vingi vya afya vimeacha majalada ya karatasi, au vinayatumia nusunusu, na habari za wagonjwa zimo ndani ya kompyuta. Humo imeandikwa kwamba mama fulani anadhurika na penisilini, kwamba mtoto fulani bado hajapata chanjo ya pili ya surua, kwamba baba fulani alibadilishiwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na kwa sababu gani. Kompyuta hiyo ikiharibika usiku huu, kesho asubuhi daktari atajuaje mambo hayo?

Ukiuliza, utajibiwa kwamba ipo nakala ya akiba. Ni vizuri. Lakini uliza tena: je, nakala hiyo imewahi kufunguliwa ikafanya kazi? Hapo ndipo wengi hunyamaza.

SEVA NI NINI?

Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine zote za hospitali. Karani wa mapokezi, daktari, mtu wa maabara na mtoa dawa wote huandika na kusoma katika seva hiyo moja, ingawa kila mmoja ana mashine yake mezani. Ndani ya seva habari zimepangwa katika majedwali: la majina, la vipimo, la dawa, la malipo. Kila mgonjwa ana namba, na namba hiyo ndiyo inayofunga vipimo vyake na jina lake. Mpango huo mzima huitwa hifadhidata. Fundo hilo likikatika, majina yatakuwapo na vipimo vitakuwapo, lakini hutajua kipimo kipi ni cha nani. Kwa mgonjwa hiyo ni hatari kuliko kukosa kumbukumbu kabisa.

Jambo hili si geni kwetu. Katika kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, kumbukumbu za wagonjwa zilianza kuwekwa katika kompyuta mwaka 2001. Kazi hiyo ilichangia kuzaliwa kwa programu ya OpenMRS, iliyoanzishwa mwaka 2004 na kutumika katika nchi nyingi, zetu zikiwamo.

Sasa, seva huharibika kama chombo chochote. Umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, radi hupiga, joto na vumbi huua diski, mwizi hubeba. Na wakati mwingine ni mkono wa mtu tu.

KIOO SI AKIBA

Hospitali zenye uwezo huweka seva mbili, ya pili ikiiga kila kinachoandikwa katika ya kwanza. Wengi hudhani hiyo ndiyo akiba. Sivyo. Seva ya pili ni kama kioo: ukijipaka masizi, kioo nacho kinaonyesha masizi. Mtu akifuta kumbukumbu za wodi nzima katika seva ya kwanza, seva ya pili nayo huzifuta papo hapo. Kioo hukusaidia mashine moja inapokufa. Hakikusaidii habari zenyewe zinapoharibiwa. Kwa hiyo lazima kuwe na nakala ya jana, ya juzi na ya wiki iliyopita, nayo ikae mbali na mashine hizo.

Tuchukue mfano wa kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake si ya hospitali bali ni kuwatunzia waandishi wa programu kazi zao. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, fundi wake alikusudia kufuta mafaili katika seva ya pili ili aianzishe upya. Amri akaitoa katika seva ya kwanza. Alipoishtukia na kuisimamisha, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki kama 4.5 tu.

Wakakimbilia nakala. Mahali zilipotakiwa kuwa hapakuwa na kitu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani kuliko hifadhidata yenyewe, hivyo kila ilipojaribu ilishindwa. Ilituma barua pepe za kuonya kwamba imeshindwa, lakini barua hizo zilikataliwa njiani na hakuna aliyezipata. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi yule yule aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kuirejesha kulichukua saa 18 hivi, na kazi ya zile saa sita haikupatikana tena. Wao waliyaeleza yote hadharani, ndiyo maana tunayajua, wangapi wamenyamaza?

Fikiri kama ingekuwa hospitali. Saa sita ni zamu nzima ya wodi ya wazazi.

YALIYOIPATA IRELAND

Hospitali nazo zimepatwa. Ijumaa tarehe 14 Mei 2021 wahalifu waliziteka kompyuta za Huduma ya Afya ya Ireland, wakayafunga mafaili kwa ufunguo wa siri na kudai fedha. Huduma hiyo ilikuwa na hospitali kubwa 54 na vituo vipatavyo 4,000. Waliingia tangu mwezi Machi, mfanyakazi alipofungua faili lililokuja kwa barua pepe, wakakaa humo kimya majuma manane. Asubuhi ile wauguzi walirudi kwenye kalamu na karatasi. Hospitali ya wazazi ya Rotunda, mjini Dublin, ilifuta miadi ya kliniki isipokuwa kwa wenye mimba ya majuma 36 na kuendelea. Wagonjwa wa saratani waliokuwa wakichomwa kwa mionzi nao waliahirishiwa.

Baada ya siku sita wahalifu wenyewe walitoa ufunguo bila kulipwa. Hata hivyo kazi ya kurejesha mitambo iliendelea mpaka Septemba. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Desemba mwaka ule ilisema neno la kutisha: nakala zilipelekwa mara moja moja tu kwenye kanda zilizotengwa na mtandao, na bila ule ufunguo yaelekea sehemu ya habari isingepatikana tena. Yaani nchi tajiri iliponea huruma ya mwizi.

JARIBIO HUFANYWAJE?

Dawa ya jambo hili ni mazoezi: kujifanya kana kwamba seva imekufa, kisha kuifufua kutoka kwenye nakala, siku ya amani, watu wakiwa na utulivu. Mashine nyingine hutafutwa, hata kuukuu, ilimradi diski yake itoshe. Seva inayofanya kazi haiguswi. Na mashine hiyo ya majaribio ikatwe kwenye mtandao kwanza, kabla ya lolote. Hapa pana mtego. Ikiwa hospitali huwakumbusha wagonjwa miadi kwa ujumbe wa simu, hifadhidata iliyofufuliwa itaamka ikidhani ndiyo yenyewe, na kuanza kuwatumia watu ujumbe wa miadi ya wiki iliyopita.

Fundi huanza kwa kuweka programu ya hifadhidata ya toleo linalopatana na nakala, kisha huirudisha nakala humo. Kama hospitali hutunza pia daftari la mabadiliko, yaani orodha ya kila kilichoandikwa tangu nakala ilipochukuliwa, mabadiliko hayo hurudiwa moja baada ya jingine mpaka karibu na dakika ya ajali. Picha za eksirei mara nyingi hukaa nje ya hifadhidata, nazo zina nakala yake, wengi huzisahau. Na kama nakala imefungwa kwa neno la siri, neno hilo liko wapi? Kama limeandikwa ndani ya seva ile ile iliyokufa, mmejifungia ufunguo ndani ya nyumba.

Wakati wote huo saa inahesabiwa, kwa maana yapo maswali mawili ambayo uongozi wa hospitali lazima uyajibu, wala si ya fundi: tunaweza kukaa muda gani bila kompyuta, na tunaweza kupoteza kazi ya saa ngapi? Kama nakala huchukuliwa mara moja kila usiku, basi mmekubali kupoteza hata siku nzima, mjue au msijue.

Mashine ikiwaka na kuonyesha ukurasa wa kwanza, fundi atataka kupiga makofi. Asubiri. Aitwe karani wa mapokezi amtafute mgonjwa aliyeandikishwa mwisho kabla ya nakala. Mtu wa maabara alinganishe vipimo kumi vya jana na daftari lake. Mtoa dawa aangalie kama dozi zimerudi zilivyokuwa. Idadi ya wagonjwa katika seva ya kweli na katika ile ya majaribio zilinganishwe. Hao ndio wanaojua sura ya kumbukumbu zao. Fundi anajua mashine tu.

Tusisahau kwamba mashine ya majaribio sasa ina siri za wagonjwa wote: nani ana UKIMWI, nani alitibiwa kaswende. Chumba kifungwe, na jaribio likiisha diski ifutwe kabisa, isije ikauzwa sokoni na siri zake.

SISI TUFANYE NINI?

Wale walio katika kamati za zahanati na bodi za hospitali wana haki ya kuuliza. Msiulize, "Mna nakala?" kwa kuwa jibu ni "ndiyo" siku zote. Ulizeni mara ya mwisho ilirejeshwa lini, ilichukua saa ngapi, nani aliithibitisha, na kama ipo nakala nje ya jengo ambayo moto au mwizi hataifikia. Ulizeni pia kama fomu za karatasi zipo kabatini kwa siku ambayo kompyuta hazitawaka, na kama wauguzi vijana wanajua kuzijaza.

Kwa familia, kadi ya kliniki ya mtoto isitupwe hata kama muuguzi ameandika yote katika kompyuta. Anayetumia dawa za presha, kisukari, kifafa au za kufubaza virusi aandike jina la dawa na kipimo chake kwenye karatasi, pamoja na dawa inayomdhuru kama ipo, na mtu mmoja nyumbani ajue karatasi hiyo inakaa wapi. Dawa ikibadilishwa, karatasi nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo.